Wamenipigia Windows mpya, wamenifutia wimbo wa bibi

Walimu wa kwaya na watunzi wenzangu mlioko Dodoma, naandika nikiwa bado na hasira na sitaki ipoe kabla sijamaliza. Kama kompyuta yako ina nota ndani, usiipeleke kwa fundi mpaka umezihamisha zote. Na kama fundi mwenyewe ni yule niliyempelekea mimi, upande wa Sabasaba, usiipeleke kabisa. Jina la duka silitaji.

Tatizo langu lilikuwa dogo mno. Naandika nyimbo za kwaya kwa MuseScore, programu ya bure ya kuandika nota na kuzicheza, na kwa miaka yote hiyo sijaona sababu ya kuiacha. Wakati tunajiandaa na Pasaka, ghafla ikakosa sauti. Programu inafunguka, nota zote zipo, ukibonyeza icheze ule mstari unatembea kutoka nota hadi nota, ila kimya. Nikifungua video, spika inaongea kama kawaida. Kwa anayeandika sauti nne hilo ni balaa, maana sauti ya alto na ya tena (ile ya juu ya wanaume) nazisahihisha kwa kuzisikiliza. Macho peke yake usiku, baada ya kazi za mchana, yanapitwa na mengi.

Fundi nilimweleza hivyo hivyo: sauti imekataa kwenye programu moja tu, kwingine kote iko sawa. Nikamwambia pia kwamba ndani kuna kazi zangu za miaka, asifute kitu bila kunipigia simu. Namba akaiandika mwenyewe kwenye kikaratasi, akakibandika juu ya kompyuta. "Usijali mama, hiyo ndogo sana, njoo kesho."

Kesho yake naikuta kompyuta inang'aa, imefutwa vumbi, ina Windows mpya na picha mpya ya mbele. MuseScore haipo. Mahali pake kuna Finale, programu nyingine ya nota, ya kulipia, tena nakala ya kukraki. Akaniambia kwa kujiamini kwamba ile ya bure ndiyo iliyokuwa inanisumbua, sasa ameniwekea wanayotumia wakubwa. Kisha akataja hela yake, Sh 30,000.

Nikauliza nota zangu ziko wapi. Akanifungulia folda aliyonihifadhia: picha zimo, barua za Word zimo, PDF zimo. Faili za nota, hakuna hata moja. Kumbe alianza kwa kuiondoa MuseScore. Ilipoondoka, faili zake, zile ambazo jina lake linaishia na mscz, zikabaki na alama nyeupe bila programu ya kuzifungua. Akazibofya, zikakataa. Akaamua hizo ni virusi. Akabeba alizozitambua, nyingine zote zikaenda na Windows ya zamani alipofomati.

Mpaka hapo nilikuwa bado naongea kwa sauti ya chini. Kilichonivuruga ni jibu lake. Nilipomwambia kwamba zile alizoziacha ndizo kazi zenyewe, alicheka mbele ya watu waliokuwa wanasubiri simu zao, akasema, "Mama, si nyimbo za kanisani tu? PDF zako hizo hapo zote. Chapa upya."

Nyimbo za kanisani tu! Mtu aliyekaa na kwaya anajua wimbo mmoja wa sauti nne unakula usiku mingapi mpaka besi waache kugongana na tena. Na huyu PDF anaiona ni wimbo. PDF ya nota ni picha ya karatasi. Soprano wako wakipata mafua wiki ya sherehe na ukataka kushusha wimbo kutoka Doh = G hadi Doh = F, MuseScore inaushusha wote mara moja; kwa PDF utakaa chini uandike upya. Ukitaka besi wasikie sehemu yao peke yake wakaifanyie mazoezi nyumbani, PDF haina sauti ya kumpa mtu.

Lakini hayo ningeyameza. Kuna wimbo mmoja siumezi.

Kuna bibi wa upande wa Chamwino ambaye nilimrekodi kwa simu akiimba wimbo wa kupura uwele. Nilitaka uwe wimbo wa matoleo, kiitikio kibaki kwa Kigogo kama anavyokiimba. Anayeujua uimbaji wa Wagogo anajua kwamba sauti zao hazikai kwenye vitufe vya kinanda. Zinafuata sauti za asili, zile zinazojitokeza zenyewe kwenye uzi mmoja uliokazwa, na ndizo utakazozisikia kwenye ilimba, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, ya marehemu Hukwe Zawose, aliyeupeleka muziki wa Dodoma nchi za mbali kabla ya kufariki 2003. Sauti hupimwa kwa senti (si hela), na kwenye kinanda kila nusu toni ni senti 100 kamili. Kwenye mfuatano wa sauti za asili, ya tano inakaa chini ya mi ya kinanda kwa senti 14 hivi, na ya saba inakaa chini ya ta (ti iliyoshushwa nusu toni) kwa senti 31 hivi. Hiyo ya saba ukiiandika kama kinanda kinavyotaka, wimbo unageuka mwingine. Mimi nilimchezea bibi ukiwa hivyo. Alitikisa kichwa, akasema anayeimba humo si Mgogo.

Sasa hapo ndipo nilipoipenda MuseScore kuliko nilivyowahi kupenda chombo chochote cha kazi. Inakuruhusu kuchagua nota moja na kuishusha kwa senti unazotaka, na sauti inatii. Nikakaa na rekodi sikioni, nota kwa nota, kwanza anayeanzisha, halafu waitikiaji, nikishusha hapa senti 14, pale 31, pengine nikifuata tu koo la bibi lilipokuwa limeenda. Niliporudi Chamwino na kompyuta, nikabonyeza icheze, bibi hakungoja wimbo ufike katikati. Alianza kuitikia, na wajukuu waliokuwa wanachambua mlenda barazani wakadakia. Bila maelezo yoyote! Ile ya saba waliikuta mahali pake.

Senti hizo hazichapwi kwenye karatasi. PDF inaonyesha duara jeusi kwenye mstari, basi. Zilikuwa ndani ya ile faili ya mscz tu, ile aliyoiita virusi.

Na hiyo Finale aliyonipa kama zawadi! Sina ugomvi na Finale yenyewe, watunzi wengi tunaowaimba waliiandikia nyimbo zao. Lakini MakeMusic, wenye nayo, walitangaza Agosti 26, 2024 kwamba wanaiacha baada ya miaka zaidi ya 35. Haiboreshwi tena, na watumiaji wake walielekezwa kwenye Dorico, programu nyingine ya nota, kwa bei ya punguzo. Watu wenye leseni zao halali wanahangaika kuhamisha kazi kabla haijafika siku ambapo Windows za mbele zitaikataa, halafu mimi nahamishiwa huko kwa nguvu, tena kwa nakala ya wizi. Na hata ningekuwa nimeitaka, Finale haifungui mscz. Njia ya kutoka programu moja kwenda nyingine ni MusicXML, aina ya faili ambayo programu nyingi za nota zinaisoma, na MusicXML unaitoa ukiwa bado na faili yako na programu iliyoiandika. Yeye vyote viwili alikuwa ameshaviondoa.

Nyimbo kadhaa nimezipata kwa mpiga kinanda wetu aliyehamia Mpwapwa. Huwa namtumia faili yenyewe kwa WhatsApp akague sehemu ya kinanda, na simu yake ilikuwa bado inazo. Mungu ambariki. Wimbo wa bibi ulikuwa haujafika hatua ya kinanda, kwa hiyo kwake haukuwepo.

Kijana mmoja wa sauti ya tena anayesoma kompyuta UDOM akajaribu kuufufua. Alikesha nao. Diski yangu ni SSD, akanieleza kwamba kwenye diski za namna hiyo Windows ikishafuta kitu huiambia diski nafasi hiyo haina kazi tena, na diski inaisafisha yenyewe. Zile za zamani zinazozunguka zilikuwa zinaacha mabaki mtu akayaokota. Hii haikuacha kitu.

Tukaiweka MuseScore upya, na bando likaisha kwa kupakua Muse Sounds, zile sauti za ala inazochezea, maana zile ni gigabaiti kadhaa na hata hizo hakuniachia. Sauti ikatoka vizuri. Nikaenda nayo mazoezini, nikaunganisha ile spika ya Bluetooth ya kwaya, tukafanya kazi, tukazima. Nyumbani nafungua: kimya tena! Mstari unatembea, sauti hakuna, kama siku ile ile ya kwanza. Yule kijana akaja, akaingia kwenye mipangilio ya MuseScore, sehemu ya kuchagua sauti itokee wapi. Ilikuwa inaelekea kwenye spika ya kwaya iliyofungiwa kabatini kanisani. Akachagua spika ya kompyuta. Sauti ikarudi kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo Sh 30,000, Windows mpya, kazi za miaka, wimbo wa bibi, vyote vimekwenda kwa jambo la kubofya sehemu moja, na hilo lenyewe hakulitibu. Kama angefungua mipangilio tu! Kama angeuliza, "Mama, ulianza kukosa sauti baada ya kufanya nini?" Daktari wa zahanati anakuuliza homa imeanza lini kabla hajakuandikia dawa.

Nikitulia, yule fundi namwelewa kidogo, na kwa haki yake lazima niseme. Kuna virusi kweli vinavyobadilisha majina ya mwisho ya faili na kuzifunga mpaka ulipe. Fundi aliyewahi kukutana navyo akiona faili nyeupe zimejaa folda zimeandikwa mscz anaweza kushtuka. Na kwa kazi ya mikono yeye ni fundi hasa. Kompyuta ya katibu wa parokia aliibadilishia kibodi ikawa kama imetoka dukani, bei ya haki. Feni yangu, iliyokuwa inaunguruma kwa vumbi la hapa kwetu, aliisafisha bila kunidai senti. Ni mpole, anakuita mama, anakupa kiti. Nilikuwa nimeshaanza kuandika hapa kwamba mpeni nafasi, ni kijana, atajifunza.

Lakini namba yangu ilikuwa imebandikwa juu ya kompyuta! Kaiandika kwa mkono wake. Aliinua kifuniko, akaiona, akafuta. Kushtuka namsamehe. Hilo simsamehi, na kile kicheko mbele ya watu simsamehi. Usipeleke kwake nota zako. Usipeleke tasnifu yako, usipeleke hesabu za kikundi chako cha kuweka na kukopa, usipeleke kitu chochote ambacho alama yake yeye haijui.

MuseScore je, bado naipendekeza? Naipendekeza bila kusita, kwa mwanakwaya anayeanza na kwa mtunzi aliyekomaa. Ni bure kweli, na pale kwenye senti imenifanyia ambalo kinanda cha kanisa hakiwezi. Ila faili yako itoe nje ya kompyuta kila unapomaliza kazi: kwenye flashi, au mtumie mwenzako kwa WhatsApp kama hati, mscz yenyewe. PDF ni ya kuwagawia waimbaji.

Rekodi ya bibi bado ninayo kwenye simu, nimeanza upya. Sauti ya anayeanzisha imekaa. Waitikiaji bado, na pale ambapo bibi alinielekeza ana kwa ana itabidi nirudi Chamwino nimwombe tena, mtu mzima yule, miguu inamsumbua.

Juzi fundi amenipigia. Amesikia nasema kila mahali. Anataka niirudishe kompyuta aniwekee antivirus bure, yaishe. Nimemwambia antivirus sitaki, nataka Sh 30,000 yangu, na nataka aende akawaambie wale wateja wake kwamba zile hazikuwa virusi. Hajajibu. Kioo cha kompyuta hii kikipasuka kesho bado nitampelekea yeye, maana kwa kioo sijaona anayemzidi hapa mjini. Ila diski ataifungua nikiwa nimesimama pale pale, ataniwekea mkononi, na nitaondoka nayo.