Manowari ya bomba tatu: meli nimeipenda, pwani yao nimeirudisha kwenye boksi

Nilipofungua boksi la modeli, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuhesabu bomba za moshi. Zilikuwa tatu, zimelala kwenye kifuko chao zikiwa nzima, nami nikashusha pumzi. Watu wa Dar es Salaam walipoiona meli hii bandarini Juni 1914 waliiita "Manowari na bomba tatu", na sisi wa Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji, tumekua na jina hilo. Nilikuwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba Wajerumani wenyewe waliiita SMS Königsberg.

Seti yenyewe ni modeli ya resini ya kipimo cha 1/700, pamoja na vifaa vya kutengenezea kile walichokiita mandhari ya pwani ya Afrika. Mpwa wangu aliinunua Hamburg kwa euro 64 akaniletea alipokuja likizo. Kampuni sitaitaja, maana nina la kuwalaumu. Ila ninaandika kwa sababu najua wapo wenzangu wachache hapa nyumbani wanaounga modeli, na wengine watavutiwa na meli hii kwa sababu zilezile zilizonivuta mimi.

Kwanza meli, maana inastahili sifa zake. Manowari ya kweli ilikuwa na urefu wa mita 115.3 na upana wa mita 13.2, kwa hiyo modeli inatakiwa iwe sentimita 16 na nusu kwa 1.9 hivi. Nimeipima, iko sawasawa. Imekatwa usawa wa maji, haina mkuku, na ndivyo inavyotakiwa kama unataka kuilaza kwenye maji ya kuigiza. Mimi ni fundi wa meno ya bandia, miaka 19 sasa namimina plasta na kuchonga akriliki, hivyo mapovu nayatafuta kabla ya kitu kingine chochote. Nimeipitia yote kwa miwani ya kazini, kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma, nikapata povu mbili tu, zote upande wa chini ambako hakuna atakayeona. Mistari ya mbao za sitaha imechongwa kwa mkono mwepesi sana. Ukipaka rangi ya mbao, kisha ukapitisha kahawia iliyochujuka na kufuta kwa kitambaa, kila ubao unajitokeza wenyewe. Aliyechonga kile kielelezo cha kwanza anaijua kazi yake, na anaipenda.

Karatasi ya shaba yenye reli na ngazi ni nyembamba kuliko jani la mgomba lililokauka. Ikate juu ya kioo, kwa wembe mpya, na usikunje reli kwa vidole. Tumia koleo lenye mdomo bapa. Nilipoteza ngazi moja ya shaba kwa haraka yangu.

Kasoro kubwa ya meli ni mizinga. Königsberg ilikuwa na mizinga mikuu 10 ya sentimita 10.5: miwili imekaa sambamba kwenye omo, miwili tezi, na mitatu kila ubavu. Kwenye boksi langu mitutu ilikuwa tisa. Niliwaandikia mara mbili, sikujibiwa. Jambo hili limeniuma kuliko ukubwa wake, kwa sababu mizinga ya meli hii ina historia yake: meli ilipokufa, yote 10 ilitolewa mtoni, na mingi ikafungwa magurudumu, ikapigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Nimewahi kuuwekea kiganja saa sita mchana, ukaniunguza. Basi wa kumi niliutengeneza kwa sindano mpya ya ganzi tunayotumia kazini. Mtutu wa kweli ulikuwa na urefu wa mita 4.2, yaani milimita 6 kwenye modeli, na sindano ile ina unene wa milimita 0.3. Ukiweka yote kumi sasa huwezi kuniambia ni upi. Milingoti ya resini nayo isikusumbue, itupe. Kwa joto la Mbagala ilianza kulala baada ya wiki mbili. Nimeweka waya wa kunyooshea meno, imesimama wima hadi leo.

Sasa niseme kuhusu pwani yao. Ndani ya seti kuna karatasi ya plastiki ya bluu iliyopigwa mawimbi, kifuko cha mchanga mweupe, na minazi 12 ya plastiki. Nilivipanga mezani, nikavitazama, nikavirudisha kwenye boksi. Meli hii haikujificha ufukweni penye mchanga mweupe. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza iliwakwepa Waingereza kwa kujificha kwenye delta ya Rufiji, kule Salale, kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, kingo zote tope, na juu ya tope mikoko imebanana hadi ukiwa kwenye mtumbwi unasikia watu wa mkondo wa pili usiwaone. Ndiyo sababu iliweza kujificha. Ukiiweka kwenye maji ya bluu chini ya minazi, umeiweka mahali ambapo ingeonekana siku hiyohiyo, na kisa chote kinakosa maana.

Kwa hiyo pwani nimeitengeneza mwenyewe, kwenye ubao wa sentimita 40 kwa 30. Tope nimelifuata Nyamisati. Mara ya kwanza nililichanganya na gundi ya mbao nikalipaka vilevile. Baada ya siku nne likatoa unga mweupe juu, chumvi. Nikabandua lote. Mara ya pili nililiosha kwa maji ya bomba mara tatu, nikalikausha, nikalitwanga na kulichuja kwa chujio la chai, ndipo nikachanganya gundi. Halijapasuka wala kutoa chumvi tena.

Mikoko ilinichukua miezi miwili. Mti wa mita 20 unakuwa chini kidogo ya sentimita 3. Nilichukua makumbi ya nazi, nikachambua nyuzi, nikafunga tano tano kwa uzi, kisha upande wa chini nikazitanua kwa kibano na kuzidondoshea supa gluu zikiwa zimetanuka. Ikikauka unapata ile mizizi ya mkoko inayosimama kama miguu ya kaa. Kwa mchu, aina nyingine ya mikoko, mambo ni tofauti, mizizi yake ya kupumulia inachomoza kutoka kwenye tope kama misumari, nayo nimeichomeka moja moja kwa nywele za brashi ya kiatu. Majani ni sponji ya kuoshea vyombo, imechanwa vipande vidogo ikapakwa kijani cha aina tatu. Usitumie kijani kimoja. Mkandaa, nao ni jamii ya mikoko, una manjano ndani yake, mkoko una weusi. Miti yote ni 312.

Kuna kipimo kimoja ambacho seti yao haikukifikiria kabisa: kupwa na kujaa. Bamvua la huku, yaani kujaa kukubwa kwa bahari, linapandisha maji zaidi ya mita 3. Kwenye 1/700 hiyo ni milimita 5 za tope tupu chini ya mizizi, na hizo milimita 5 ndizo zinazomfanya mtu wa pwani asimame atazame.

Wakati niliouchagua ni mwisho wa Septemba 1914. Tarehe 20 mwezi huo, alfajiri, manowari hii iliizamisha HMS Pegasus ya Waingereza hapo Zanzibar, kisha mitambo yake yenyewe ikaharibika, ikarudi kujificha mtoni. Vipande vya mitambo vilivyoharibika vilikokotwa nchi kavu juu ya vitelezeo vya mbao, zaidi ya kilomita 100, hadi kwenye karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikarudishwa. Waliokokota ni watu wetu, maelfu. Seti haina hata mtu mmoja. Maelekezo yana majina ya kila kisehemu cha sitaha, ila hakuna neno juu ya wale waliovuta. Mtu wa kipimo hiki ana milimita 2 na nusu. Nimewachonga 60 kwa akriliki ya meno, nikawapanga kwenye kamba mbili mbele ya kitelezeo, miili imeinama mbele. Hao ndio niliowapaka rangi mwisho, na taratibu kuliko kitu kingine chochote.

Kama unataka seti hii, nunua meli peke yake. Wanaiuza pia bila mandhari, kwa bei ya chini. Weka akiba ya waya na sindano. Hesabu mitutu siku boksi linapofika, usingoje kama nilivyongoja mimi.

Mama yangu alikuja kuiona nilipomaliza. Yeye alisimuliwa na baba yake jinsi milio ya mizinga ilivyosikika Julai 1915, siku chache kabla ya Ramadhani, meli ilipopigwa na Severn na Mersey, manowari mbili za Waingereza, hadi nahodha wake, Max Looff, akaamuru izamishwe. Hakuitazama meli sana. Aliinama akagusa tope kwa ncha ya kidole, akauliza, "Maji haya yanajaa au yanakupwa?"

"Yanakupwa, mama."

"Basi mitumbwi hii itoe hapa, mwanangu. Itakwama."

Usiku uleule niliing'oa yote miwili nikaisogeza mkondoni.