Uzoefu wangu wa Waldbühne: usiku wa Depeche Mode katika msitu wa Berlin

Tangu nihamie Berlin nimehudhuria matamasha mengi, ya ukumbini na ya nje, lakini kila kiangazi kinapokaribia jamaa na marafiki huniuliza habari za mahali pamoja tu, napo ni Waldbühne, jukwaa la wazi lililozungukwa na miti upande wa magharibi wa jiji, ambalo jina lake lina maana ya jukwaa la msituni. Kwa kuwa nimechoka kuzieleza habari hizo vipande vipande kwenye simu, nimeamua kuziandika kwa ukamilifu, na nitatumia usiku nilioufaidi kuliko yote, yaani tarehe 25 Julai 2018, siku ambayo bendi ya Depeche Mode ilifunga hapo ziara yake ndefu iliyoanza Stockholm mwezi wa Mei 2017.

Nikiri mapema kwamba mimi si mwamuzi asiye na upande. Bendi hii ya Waingereza kutoka Basildon niliijua nikiwa mvulana Tanga, kwa kaseti moja ambayo mjomba wangu, aliyekuwa baharia, aliileta nyumbani ikiwa haina hata kasha, na kwa miaka mingi nilikuwa nikiimba maneno ya Kiingereza nisiyoyaelewa. Mke wangu, kwa upande wake, ni mtu wa taarabu, na alikubali kufuatana nami kwa sharti kwamba tukichoka tutaondoka. Tiketi nilizinunua kwa kuchelewa, kwa muuzaji wa mkono wa pili mtandaoni ambaye sitamtaja, kwa bei iliyokaribia mara mbili ya ile iliyochapishwa juu yake, na zilifika asubuhi ya siku ile ile baada ya usiku mzima wa kukodolea macho simu. Kosa hilo ni langu, na mtu yeyote atakayesoma haya asilirudie: tiketi zinunuliwe siku zinapotolewa, moja kwa moja kwa wauzaji rasmi.

Kufika si kazi. Tulipanda treni ya mjini hadi kituo cha Pichelsberg, na kuanzia hapo hatukuhitaji ramani, kwa sababu watu waliovaa nguo nyeusi katika joto lile la kiangazi cha 2018, ambacho Ujerumani nzima ilikikumbuka kwa ukame, walikuwa wakielekea upande mmoja kama siafu. Uwanja wa Olimpiki, ambamo Usain Bolt aliweka rekodi yake ya sekunde 9.58 mwaka 2009, uko jirani kabisa, lakini ukishaingia kwenye njia ya miti huusikii wala huuoni. Harufu hubadilika, lami huisha, na kelele za magari hubaki nyuma.

Jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni kwamba huingii kwa chini ukapanda kutafuta kiti, bali unaingilia juu, kwenye ukingo wa korongo, na jukwaa unaliona mbali chini ya miguu yako likiwa na paa lake jeupe lenye umbo la hema, ambalo liliongezwa mwaka 1982. Mabenchi yameshuka kwa safu za nusu duara, safu juu ya safu, yakifuata mteremko wenyewe wa ardhi, na nyuma ya safu ya mwisho hakuna ukuta ila miti. Zaidi ya watu 20,000 huenea humo. Mke wangu alisimama ngazi ya kwanza, akashika mkoba wake kwa mikono miwili, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba Zuhura, na kupanda tena ni kwa njia hii hii?" Ilikuwa ni kwa njia hii hii, na jibu hilo nitalirudia hapo mbele.

Korongo hilo halikujengewa muziki wa gitaa. Lilichorwa na Werner March, msanifu yule yule wa Uwanja wa Olimpiki, kwa mfano wa kumbi za maigizo za Wagiriki wa kale, na lilifunguliwa mwaka 1936 kwa ajili ya michezo ya Olimpiki iliyoandaliwa na utawala wa Hitler, ambapo mashindano ya mazoezi ya viungo yalifanyika hapo. Baada ya vita lilitumika kwa ndondi na sinema, kisha tarehe 15 Septemba 1965 wakaja Rolling Stones. Onyesho lao lilikuwa fupi mno, vijana wakakasirika, mabenchi yaking'olewa na kuvunjwa, polisi wakaingia kwa virungu na maji, na hata mabehewa ya treni za kurudi mjini hayakusalimika. Kwa miaka kadhaa baadaye mahali hapo palikuwa kama pamefiwa. Ninayataja haya kwa sababu ukikaa kwenye benchi pale, huku mtu wa pembeni akikupitishia kikombe cha bia kwa adabu zote na kukuomba radhi kwa kukugusa goti, ni vigumu kuamini kwamba ni korongo lile lile.

Tulikuwa ngazi za kati, na sasa, baada ya kwenda mara kadhaa na kukaa sehemu mbalimbali, naweza kusema bila kusita kwamba hapo ndipo pa kukaa. Chini kabisa, kwenye eneo la kusimama, unawaona wanamuziki vizuri lakini hutauona msitu wala hutawaona wenzako. Juu kabisa unauona msitu na watu wote, lakini umbali unaanza kukucheza shere, kwani nilipopanda huko kunyoosha miguu nilimwona mpiga ngoma Christian Eigner akishusha fimbo yake kwanza, na pigo likanifikia baada ya kitambo kidogo, kama vile anayepiga ni mtu mwingine. Katikati vitu hivyo viwili vinakutana. Sauti nayo ni safi kwa namna ambayo kumbi za saruji haziwezi kuifikia, maana hakuna kuta za kuirudisha. Inatoka jukwaani, inapanda mteremko pamoja na miili ya watu, inamezwa na majani. Nilivaa vizibo vya masikio kwa nyimbo mbili za mwanzo, nikavivua, nisivitafute tena.

Jirani yetu wa kushoto alikuwa bwana wa makamo kutoka iliyokuwa Ujerumani Mashariki, mwenye kizibao cha ngozi kilichojaa beji za ziara za zamani, ambaye alitaka kujua kwanza tumetoka wapi na pili tunamjuaje Dave Gahan, mwimbaji wa bendi. Nilipomweleza habari ya kaseti ya Tanga alicheka, akaniambia kwamba na yeye alianza kwa kaseti, iliyorekodiwa kutoka redio ya upande wa pili wa Ukuta wa Berlin. Tarehe 7 Machi 1988 bendi hii ilipiga Berlin Mashariki, katika ukumbi wa Werner-Seelenbinder, na tiketi ziligawiwa kupitia umoja wa vijana wa chama tawala. Yeye hakugawiwa. Alisafiri hata hivyo, akasimama nje kwenye baridi na wenzake wengi, na anadai kwamba mlango ulipofunguliwa kumpitisha mtu alisikia nusu ya ubeti mmoja. Alituonyesha kwa vidole viwili upana wa ule mlango. Mke wangu, ambaye hadi wakati huo alikuwa akiangalia saa, alimtazama kwa makini, akatoa kwenye mkoba pakiti ya korosho zetu za Mtwara, akamkaribisha.

Onyesho lilianza mwanga wa mchana ukiwa haujaondoka, jambo ambalo kwa bendi ya watu wenye nguo nyeusi na nyimbo za huzuni lilionekana kama aibu ndogo. Gahan, wakati huo akiwa na miaka 56, alitoka akizunguka kwenye kisigino chake kama pia, na Martin Gore, ambaye siku mbili kabla, usiku wa kwanza wa Waldbühne, alikuwa ametimiza miaka 57 mbele ya umati kama huu, alikaa pembeni na gitaa lake kama mtu asiyetaka kusumbua. Andrew Fletcher alikuwa nyuma ya kinanda chake, akipiga makofi zaidi ya kupiga kinanda, na mashabiki walimpenda kwa hilo hilo. Ilipokaribia saa tatu na robo usiku jua lilizama, miti ikageuka kuwa ukingo mweusi mmoja uliolizunguka korongo lote, na kuanzia hapo taa za jukwaani zikawa zinafika hadi kwenye matawi. Sikumbuki mpangilio wote wa nyimbo. Nakumbuka kwamba kila Gahan alipoelekeza kipaza sauti kwa umati, mteremko mzima ulijibu, na sauti ile ilikuwa inatushukia kutoka nyuma, kutoka juu, kama mvua inayoanzia mlimani.

Kuna wimbo mmoja ambao mashabiki wa Depeche Mode huupungia mikono. Mtindo huo ulijulikana duniani baada ya onyesho lao la Rose Bowl, California, tarehe 18 Juni 1988, na tangu hapo kila umati huufanya bila kuambiwa: mikono yote juu, kushoto, kulia, taratibu. Nilikuwa nimeuona kwenye video mara nyingi. Kwenye uwanja wa tambarare unachokiona ni mikono ya watu walio mbele yako, basi. Katika korongo la Waldbühne, kwa sababu safu zimejipinda na kupandana, unaona mikono ya upande wa pili ikikujia, ya chini yako ikiondoka, na ya juu yako unaihisi kwa upepo wake, kama vile umewekwa katikati ya shamba la mpunga siku ya kaskazi. Bwana wa kizibao alikuwa akilia waziwazi huku akipunga. Mke wangu alipunga mkono mmoja, wa pili ukiwa umeushika mkoba, kisha akauachia mkoba.

Alinisemea sikioni jambo ambalo limenikaa kuliko hakiki zote nilizosoma baadaye: "Hawa nao wana taarabu yao, ila hawana pa kwenda kutunza." Alikuwa na maana kwamba kwetu wimbo ukikuchoma unasimama, unaelekea jukwaani kwa mwendo wako na noti yako, unamtunza mwimbaji, na kila mtu ukumbini anajua kwamba ubeti ule umekugusa wewe na huenda anajua pia ni kwa sababu gani. Pale msituni hakuna njia ya kufika jukwaani, kwa hiyo watu wanatunzana wao kwa wao, kwa kuonana. Ndiyo maana mtengeneza picha Anton Corbijn, aliyezirekodi siku zile mbili kwa filamu iliyotoka mwaka 2019, aliwafuata mashabiki sita hadi makwao, mmoja wao Mongolia, badala ya kuishia kwenye nyuso za wanamuziki. Kamera zake tuliziona zikipita juu ya vichwa vyetu. Nimetafuta koti la rangi ya machungwa la mke wangu katika picha zile mara tatu, na sijalipata.

Sasa yale ya kutahadhari. Mabenchi hayana egemeo, na muda wa saa nne bila egemeo kwa mtu aliyepita miaka 40 si mchezo. Tulikuwa na kitenge kimoja tu cha kukalia, tukakigombania. Ngazi ni nyingi na zina mwinuko, kwa hiyo mwenye magoti mabovu achague safu za juu, aukubali ule ucheleweshaji wa sauti, kuliko kuja kupanda korongo zima saa tano usiku na umati nyuma yake. Siti nyingi hazina paa, kwa hiyo koti la mvua liwemo kwenye mfuko hata mbingu zikiwa safi asubuhi. Vikombe hutozwa amana, kama ilivyo desturi ya Ujerumani, nawe ukivirudisha unarudishiwa fedha yako. Na baada ya onyesho msiwe na haraka: foleni ya kutoka husogea polepole, kituo cha treni hujaa, na wenye busara hukaa kwanza wakasubiri. Sisi tulikaa. Mwezi ulikuwa mkubwa, siku mbili kabla ya kupatwa kule kwa tarehe 27 ambako dada yangu alikuja kukushuhudia akiwa kwenye baraza ya nyumba yetu Tanga, na vikundi vya watu vilikuwa bado vinaimba gizani kati ya miti, kila kikundi wimbo wake.

Mwaka 2023 bendi ilirudi Berlin, mara hii katika Uwanja wa Olimpiki, hatua chache kutoka hapo, ikiwa na watu wawili tu, kwa kuwa Fletcher alifariki Mei 2022. Tulikwenda. Walipiga vizuri sana, picha yake ilipowekwa kwenye skrini watu walinyamaza, na kwa ukubwa wa tukio hakuna cha kulinganisha. Lakini wakati wa mikono ulipofika nilijikuta nikitazama skrini, nikiona umati niliokuwa ndani yake kana kwamba ni umati wa mahali pengine. Kwa hiyo anayeniuliza achague kipi, bendi kubwa uwanjani au bendi ya kadiri Waldbühne, nitamwambia Waldbühne, na nitaipa nyota nne na nusu kati ya tano; ile nusu iliyobaki ni ya mabenchi. Tiketi za kiangazi kijacho nimeshanunua, safari hii siku ile ile zilipotolewa, ngazi za kati, na mke wangu ameshashona mito miwili ya kitenge.