Chanjo ya bure, nauli juu yako

Kazi yangu ni kutoa mizigo forodhani Busia, upande wa Uganda. Miaka 11 nimesoma ankara za watu: bei ya kiwandani, meli, bima, bandari, lori kutoka Mombasa, wapagazi wa kushusha. Kwa hiyo msinishangae nikikagua kliniki ya chanjo kama ninavyokagua kontena. Binti yangu Zuhura alizaliwa Novemba 2024. Mama yake alipomaliza arubaini alirudi kwenye vitenge vyake sokoni, na safari za kliniki zikaniangukia mimi. Hadi alipotimiza miezi tisa nimekwenda mara tisa. Kituo ni cha serikali, daraja la tatu, nje kidogo ya mji. Jina sitalitaja, maana mengi yaliyoniudhi hayakuwa makosa ya waliomo ndani.

Huduma yenyewe kwanza, kwa sababu inastahili. Kliniki ni Alhamisi. Mabenchi yako chini ya mwembe, watoto wanapimwa uzito wakiwa wamevalishwa kile kisuruali na kuning'inizwa kwenye mzani kama sangara wa Majanji, na wote wanalia hata kabla ya kuona sindano. Musawo, yaani mhudumu wa afya, ni mama wa makamo mwenye mkono mwepesi. Anabadili lugha kama anayebadili mkono wa mzigo: Kisamia kwa huyu, Ateso kwa yule, Kiganda, halafu Kiswahili kwangu. "Baba Zuhura, mshike mguu, usimwangalie mtoto usoni, utalia wewe." Nilimwangalia. Alikuwa amesema kweli.

Kuna jambo lilinitia aibu. Mwanamume akija na mtoto hupitishwa mbele, ati ndiyo namna ya kutuvuta tuje. Siku ya kwanza nilipita mbele ya akina mama 14, wengine wamekaa hapo tangu saa moja asubuhi. Hakuna aliyenisema, lakini macho niliyaona.

Sasa mzigo wenyewe. Siku hiyo, akiwa na wiki sita, Zuhura alipata matone ya polio, matone ya rota ya kuzuia kuhara, sindano ya tano-kwa-moja paja la kushoto (dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na Hib, kidudu cha homa ya uti wa mgongo), na sindano ya nimonia paja la kulia. Hakuna aliyeniomba hata shilingi. Mimi kwa tabia yangu niliuliza: nani kalipa? Musawo alicheka akaniambia nikaulize Wizara. Sikwenda Wizarani, lakini nilisoma, na niliyoyakuta ni ankara safi kuliko nyingi zinazopita mezani kwangu.

Chukua hiyo ya nimonia. Marekani dozi moja hupita dola 100. Kuanzia 2009 wafadhili watano wa kiserikali, yaani Italia, Uingereza, Kanada, Urusi na Norway, pamoja na Gates Foundation, waliweka dola bilioni 1.5 mezani na kuwaambia wenye viwanda: tengenezeni kwa wingi, soko la nchi maskini lipo na pesa ipo, ila baada ya hapo hamtauza juu ya dola 3.50. Ni kama mnunuzi wa mahindi anayeingia kijijini kabla ya mvua na kusema, panueni shamba, mavuno yenu ni yangu, lakini bei tunaipanga leo. Baadaye kiwanda cha Serum Institute cha India kikaja na ya dola 2. Uganda iliianza chanjo hii 2013. Ununuzi unapitia UNICEF, ofisi yao ya Copenhagen, ambako oda za nchi nyingi huunganishwa kuwa moja. Yeyote aliyewahi kuchangia kontena na wenzake anajua raha ya jambo hilo.

Mlipaji mkubwa ni Gavi, shirika la kimataifa la kugharamia chanjo za nchi maskini, lililozinduliwa mwaka 2000. Nchi yenye kipato cha chini kama yetu huchangia senti 20 za dola kwa dozi. Hizo ni kama shilingi 700, haifiki bei ya chapati mbili. BCG, chanjo ya kifua kikuu, haimo kwenye mpango huo, hiyo ni ya mfuko wetu wenyewe. Kuna na mtambo mwingine ulionifurahisha kama mtu wa dhamana: tangu 2006, serikali, nyingi za Ulaya, huahidi kutoa pesa kidogo kidogo kwa miaka mingi, kisha ahadi hizo huuzwa sokoni kama hati fungani, na pesa taslimu hupatikana leo. Watoto wanachanjwa sasa, deni linalipwa polepole. Mimi benki inanikatalia hata mkopo wa pikipiki.

Kwa upande wa mzigo, basi, nyota tano. Hata kichupa chenyewe kina akili: kwenye lebo kuna duara, ndani yake kamraba keupe. Kikikaa kwenye joto, kamraba kanazidi kuwa keusi, na kakifikia rangi ya duara, kichupa kinatupwa. Musawo alinionyesha kwa fahari kama mtu anayeonyesha simu mpya. Ningepewa kitu kama hicho kwa mizigo ya samaki, ningeokoa kesi nyingi.

Tabu inaanza pale ambapo mzigo kama huu, kwa kazi yangu, huitwa umefika. Haujafika.

Februari, wiki ya kumi, nilimbeba Zuhura kwa boda shilingi 2,000, nikakuta wanawake wanarudi. Chanjo hakuna. Nilidhani nchi nzima imeishiwa. La, zilikuwa kwenye friji la wilaya. National Medical Stores, bohari ya dawa ya serikali, ilikuwa imeshazileta hadi hapo. Kutoka friji la wilaya hadi kituoni kwetu ni mwendo wa pikipiki, na pikipiki ilikuwepo, na dereva alikuwepo. Mafuta ndiyo hayakuwepo. Pesa za robo mwaka zilikuwa hazijaingia. Hebu fikirini: dozi iliyotengenezwa India, ikaruka hadi Entebbe, ikalindwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 njia nzima, imekwama kwa lita tatu za petroli. Alhamisi iliyofuata chanjo zilikuwepo. Baadaye sana nikajua kwamba musawo alizifuata kwa boda, kiboksi cha barafu mapajani, nauli ya mfukoni mwake. Hakuna ankara iliyoandika nauli hiyo.

Kadi za watoto nazo zilikuwa zimekwisha. Nilitumwa dukani kununua daftari la shilingi 1,000, na musawo akachora mistari kwa rula: tarehe, chanjo, kurudi lini. Daftari lina picha ya mchezaji mpira kwenye jalada. Ndilo pasipoti ya afya ya binti yangu, na nimelifunika kwa nailoni.

Mei zamu ya chanjo ya malaria ilifika. Uganda iliizindua Aprili 2025 huko Apac, kwa wilaya 105 zenye malaria ya juu na ya kati, dozi nne: miezi 6, 7, 8 na 18. Inaitwa R21, na bei yake iko chini ya dola 4. Kwa sisi wa Busia, ambako mtoto hajui kutambaa lakini tayari anaijua dawa ya malaria, nilikwenda mbio. Hapo nilikuta mwembe umejaa kuliko siku zote. Ila tazama hesabu upande wa mzazi: miezi mitatu mfululizo, safari tatu za ziada, kila moja 4,000 kwenda na kurudi. Mama wa shamba la mihogo huko ndani anaitoa wapi? Wahudumu wa afya wa kijiji ndio wanaowakumbusha nyumba kwa nyumba, na wanafanya hivyo kwa fulana na asante.

Kisha surua. Hapa niligombana, nakiri. Zuhura ametimiza miezi tisa, nimefika mapema, musawo anahesabu watoto wa umri huo: watatu. Akasema turudi wiki ijayo. Nilipandisha sauti. Yeye hakupandisha. Alitoa kichupa akakiweka mezani. Kina dozi kumi, ni unga, na ukishachanganywa na maji yake una saa sita tu, kisha unamwagwa. Akifungua kwa watatu, saba zimemwagika, na wilaya watamuuliza zilikwenda wapi. Nikaelewa, kwa hasira. Kichupa cha surua ni taksi ya Jinja, yaani matatu, hakiondoki mpaka kijae. Lakini abiria wa taksi anajua atafika leo. Mmoja wa wale mama wawili wengine alikuwa ametembea tangu alfajiri, na Alhamisi iliyofuata sikumwona. Kwangu mimi kumwaga dozi saba ni nafuu kuliko kumpoteza mtoto mmoja, na nilimwambia musawo hivyo. Alijibu, "Nami naamini hivyo, Baba Zuhura. Niandikie barua yenye muhuri."

Mwezi wa sita nilikuwa nimeona kioja kingine. Akina mama wawili walikuja na vichanga kutoka ng'ambo, Busia ya Kenya, wanatafuta BCG. "Kwetu imeisha," mmoja akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Kweli, katikati ya 2025 BCG na polio ziliadimika kule. Kenya imetutangulia kwa kipato, na kwa utaratibu wa Gavi ukikua kidogo sehemu yako ya malipo inapanda mwaka hadi mwaka, mpaka ubebe chanjo zote peke yako. BCG nayo ni ya kujinunulia tangu mwanzo. Musawo aliwapokea bila kuuliza kitambulisho. Zaidi ya hapo alifurahi, kwa sababu kichupa cha BCG ni dozi 20, na siku hiyo angalau kilikaribia kujaa.

Mwezi huohuo, Brussels, Gavi ilipitisha bakuli. Ilitaka dola bilioni 11.9 kwa miaka 2026 hadi 2030, ikaahidiwa zaidi kidogo ya bilioni 9, na Marekani ikatangaza kwamba haitoi tena. Nilisikia habari hizo redioni nikiwa kwenye foleni ya malori na sikuzijali, hadi nilipozikumbuka chini ya mwembe. Mzigo wetu mzuri wa nyota tano umelipiwa na mtu mwingine, na mtu huyo ameanza kuhesabu chenji. Sisi tuna Sheria ya Chanjo ya 2017, ambayo inamlazimisha mzazi kama mimi kumleta mtoto na pia inaanzisha Mfuko wa Chanjo. Upande wa kulazimisha nimeutimiza mara tisa. Upande wa mfuko, sijaona hata lita moja ya petroli kituoni petu inayosemwa imetoka humo. Abuja 2001 marais wetu wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Uganda haijafika hapo.

Gharama zangu kwa chanjo ya bure, kwa wanaopenda hesabu: safari tisa kwa 4,000, jumla 36,000, na daftari 1,000. Safari mbili kati ya hizo zilikuwa za bure kwa maana mbaya ya neno. Mtoto hajaugua surua wala nimonia, na tangu dozi ya tatu malaria imemgusa mara moja tu. Kaka yake, umri kama huo, ilimlaza hospitali mara tatu.

Mkono wa musawo ni nyota tano. Mzigo nyota tano. Usafiri wa mwisho nampa moja, na hiyo moja ni ya dereva, kwa kuwa anakuja akiitwa.

Ukienda, nenda Alhamisi, fika kabla ya saa tatu. Beba daftari lako, usisubiri kadi. Kwa surua, wapigie majirani simu mwende pamoja mkiwa na watoto saba, wanane. Mimi nilifanya hivyo wiki ya pili, tulijaza boda nne, na musawo alikata kifuniko cha kichupa kabla hata sijakaa. Na kama wewe ni mwanamume wakakuambia pita mbele, angalia kwanza nani ana mapacha. Zamu yetu nyingine ni Mei 2026, miezi 18: surua ya pili na malaria ya nne. Imeandikwa kwenye ukurasa wa tatu wa daftari, kwa wino mwekundu, na chini yake musawo ameongeza kwa herufi ndogo: njoo na majirani.