Human Protein Atlas: Ramani Nzuri ya Jeni, Ila Isomwe kwa Makini

Anayetaka kuelewa kwa nini kasoro ya jeni moja huumiza kiungo kimoja na kuviacha vingine salama atafaidika sana na Human Protein Atlas, hifadhidata iliyoanzishwa Sweden mwaka 2003 na ambayo hutumiwa bila malipo. Ukiandika jina la jeni, unaonyeshwa kiasi cha RNA yake (nakala ya jeni inayotumiwa kutengeneza protini) katika tishu mbalimbali, pamoja na picha za vipande vya tishu vilivyotiwa kingamwili, yaani molekuli zinazoshika protini fulani, ili protini ionekane kwa rangi ya kahawia.

Picha hizo ndizo zilizonivutia zaidi. Nilipotafuta jeni ya INS, inayotengeneza insulini, insulini ilionekana katika visiwa vidogo vya kongosho, yaani vikundi vya seli, huku seli zinazovizunguka zikiwa hazina rangi hiyo, na hapo nikaelewa upesi kwa nini hitilafu za jeni hiyo zinaweza kumletea mtoto mchanga kisukari.

Jeni huwekwa katika kundi la tishu fulani pale RNA yake humo inapofikia angalau mara nne ya kiwango cha tishu nyingine yoyote. Nakipenda kipimo hiki kwa kuwa kiko wazi, ingawa ni mpaka uliowekwa na watu.

Hata hivyo, mahali jeni inapofanya kazi si lazima pawe ndipo ugonjwa unapojitokeza. Jeni ya PAH hufanya kazi hasa kwenye ini, lakini inapoharibika, fenilalanini, kijenzi cha protini kinachotoka kwenye chakula, hurundikana katika damu na kuudhuru ubongo wa mtoto asiyepewa lishe maalumu mapema. Anayeitazama ramani peke yake angetarajia ugonjwa wa ini. Kinyume chake, jeni ya HTT hufanya kazi karibu mwili mzima, ilhali ugonjwa wa Huntington, unaotokana na kasoro ya jeni hiyo, hushambulia hasa seli za ubongo. Ningefurahi sana kama onyo la namna hii lingewekwa mahali pa wazi, kwa sababu mwanafunzi anayeanza hupotoka kwa urahisi hapo.

Kingamwili nazo huweza kushika protini isiyokusudiwa. Waandaaji hawalifichi jambo hili, kwani matokeo ya kingamwili hupewa daraja la uhakika, nami hulisoma kabla ya kutazama rangi yoyote. Daraja likiwa la mashaka, hutegemea vipimo vya RNA na kuiacha picha.