Fundi baiskeli wa Ngamiani: gurudumu mpelekee, pancha usimpelekee

Naanza na nyota kabisa ili wenye haraka muendelee na mambo yenu. Magurudumu nampa nne kati ya tano, pancha mbili, na upande wa kuchangamkia wateja sitoi hata moja maana haupo. Ni kibanda cha mabati na turubai huku Ngamiani kwenye zile barabara za namba, bango hakuna, ukiuliza fundi mzee wa magurudumu utaonyeshwa kwa kidole. Jina lake siliweki, sijamuomba ruhusa na nikimuomba najua atakavyonijibu.

Sasa kwa wageni, Tanga hii mji tambarare na baiskeli ni usafiri wa watu wazima na heshima zao, sio mchezo wa watoto, muuza maziwa yumo, mwalimu yumo, bibi anayekwenda harusini na baibui lake kapakizwa nyuma kwenye karia yumo. Kwa hiyo mafundi wapo kila kona na kiukweli wengi ni wa kubahatisha, gurudumu likianza kucheza wanakaza spoku za upande mmoja mpaka zinalia, unaondoka umefurahi limenyooka, baada ya muda spoku zinaanza kukatika moja moja unarudi tena kulipa.

Baiskeli yangu ni zile za Kijapani za mtumba zenye kikapu mbele. Gurudumu la nyuma lilipiga shimo nikiwa na mzigo wa nazi njia ya Pongwe, ringi ikapinda mpaka ikawa inagusa fremu. Nikampelekea. Shikamoo mzee. Marahaba, weka hapo. Basi, mazungumzo yameisha, hajaniuliza imekuwaje wala natokea wapi, kainama kaipindua baiskeli miguu juu kama vile mimi sipo.

Ila aisee, kazi yake nakaa kuitazama hata kama sina shida. Wengi hatujui gurudumu linasimamaje. Spoku zinatoka pande mbili za haabu, kile kitovu cha katikati ya gurudumu, za kulia zinaivuta ringi kulia na za kushoto zinaivuta kushoto, ringi inakaa katikati kwa sababu zinavutana sawasawa, kwa hiyo ikilalia kulia huwezi kukaza kushoto tu ukasema umemaliza, unalegeza huku kidogo unakaza kule kidogo, robo mzunguko, unazungusha, unatazama, robo tena. Na kama ina nundu ya juu na chini hiyo ni habari nyingine kabisa, pale penye nundu unakaza pande zote mbili ili ishuke. Mzee hana mashine ya kupimia, anaweka ukucha wa dole gumba karibu na ringi na kusikiliza panapokwaruza. Halafu anapitisha kidole kwenye spoku moja moja, ting, ting, kama mpiga gambusi anayetega nyuzi kabla taarabu haijaanza, ile iliyolegea inatoa sauti nzito anaijua hapohapo bila kuangalia.

Na hapo ndipo anapobadilika. Ule mkunjo wa uso unaondoka, anaanza kuimba kwa pua, kahawa aliyonunua mwenyewe inapoa pembeni anaisahau. Siku hiyo kuna dada alikuja kuuliza bei ya breki, akauliza tena, mzee hakumjibu, dada akaondoka amevimba. Mi nilikuwa nimekaa pale naona kabisa hakumdharau, hakumsikia. Kilichomuinua ni adhana ya alasiri.

Kuna profesa anaitwa Mihaly Csikszentmihalyi, Mhungaria aliyefundisha Chuo Kikuu cha Chicago, alifariki 2021, huyu maisha yake yote alikuwa anachunguza kitu hikihiki. Alianza miaka ya 60 kwa kuwatazama wanafunzi wa sanaa wanavyochora mpaka wanasahau kula, baadaye akahoji wapanda milima, wacheza chesi, madaktari wa upasuaji. Alichokuja kusema ni kwamba ile raha ya kuzama inakuja pale ujuzi wa mtu na ugumu wa kazi vinapolingana, vyote viwe juu. Kazi ikikuzidi unapata wasiwasi, ukiizidi wewe unaboreka. Mwaka 1989 yeye na mwenzake Judith LeFevre walitoa utafiti ambapo wafanyakazi walipewa kifaa kinacholia muda wowote, kikilia unaandika unafanya nini na unajisikiaje, ikaonekana ile hali ya kuzama watu waliipata zaidi kazini kuliko wakiwa mapumziko, na bado haohao wakiwa kazini walisema wangependa kuwa wanafanya kitu kingine. Binadamu bwana.

Sasa hiyo nusu ya pili, ya kuboreka, ndiyo inayonifanya nikwambie pancha usimpelekee. Kaziba pancha kwa miaka mingi mno, kazi hiyo imeshamchosha. Tyubu inatakiwa ikwaruzwe vizuri, solushen ipakwe iachwe ikauke kidogo ndipo kiraka kikandamizwe, yeye anakwaruza mara mbili tatu, anapaka, anabandika hapohapo bichi, macho yako kwenye gurudumu la mtu mwingine lililoning'inia. Kiraka changu kilibanduka kabla sijafika Makorora.

Ila pale kuna kijana anayejifunza, ana kama miaka kumi na saba hivi, huyo ndiye wa pancha. Anazamisha tyubu kwenye beseni la maji anazungusha taratibu mpaka povu litokee, anapitisha vidole ndani ya tairi kutafuta mwiba uliobaki (hatua hii mafundi wengi wanairuka ndo maana unapata pancha palepale siku hiyohiyo), na akimaliza anaijaza upepo anaibonyeza kwa kujivunia utadhani kaitengeneza yeye kiwandani. Kwake pancha bado ni mtihani anaoufaulu. Mwachie gurudumu peke yake sasa, jasho, spana inateleza, anakuwa na hasira na anajibu vibaya kuliko hata mzee. Kwa hiyo mkishika hilo mtaelewana na kibanda kizima, kila mmoja mpe kazi inayomtosha.

Bei. Kunyoosha gurudumu nililipa buku tatu, pancha buku, kusuka gurudumu upya ni maelewano. Hapa nina neno langu. Kazi ya buku tatu ilimchukua karibu saa nzima, na bado kuna jamaa alikuwa anamkazania ashushe, eti mzee wewe si unapenda mwenyewe hizi kazi. Nimeshaona hii tabia kwa mafundi wengi, wa cherehani, wa makuti, hata waalimu, mtu akionekana anafurahia kazi yake tunahesabu kama ameshalipwa nusu. Raha ya kusikiliza spoku hailipi kodi ya chumba. Watu wamemshauri ahamie kwenye bodaboda ndiko kwenye hela, nilimsikia akijibu kwa kifupi, pikipiki kazi yake kubadilisha vifaa tu. Sijui nyumbani kwake wanalipokeaje jibu hilo, mi nisingependa kuwa mkewe siku ya ada.

Nyota ya tano kaikosa kwa ahadi. Akikwambia njoo alasiri ujue hajasema alasiri ya lini, na akipata gurudumu lililoharibika zaidi ya lako, lako linasubiri, hana haya kabisa katika hilo. Baiskeli ya kwendea kazini asubuhi usimpelekee jioni.

Spoku nenda nazo mwenyewe umenunua dukani, chukua na za akiba, na uende na moja ya zamani kama kipimo maana urefu hutofautiana na ikizidi kidogo tu inachomoza inatoboa tyubu. Ijumaa usihangaike. Na hela ya simu mtumie kijana, ya mzee ni kitochi na mara nyingi haina chaji.