TAHADHARI: "Amplifaya za gitaa wati 200" zinazouzwa mtandaoni hapa Dar ni spika za karaoke

Wapiga gitaa wenzangu, hasa nyie wa kwaya, harusi na hotelini hapa Dar, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela ya amplifaya ndogo ya betri kupitia Instagram au makundi ya WhatsApp. Kuna muuzaji anayezunguka na hizo bidhaa, na anawaumiza vijana ambao hela yao ni ya jasho kabisa.

Sitaji jina la ukurasa wake kwa sababu hulibadilisha kila akishtukiwa. Ila mbinu zake hazibadiliki, kwa hiyo mtamtambua kwa hizo. Picha anazoweka ni za amplifaya ya betri ya Roland CUBE Street halisi, kazitoa kwenye mitandao ya nje, na video ni ya mtu anapiga barabarani Ulaya. Bei inaanzia laki nne na nusu. Ukisita kidogo tu inashuka hadi laki tatu, eti mzigo unaisha na zimebaki mbili. Anataka nusu kwanza kwa simu, nyingine umpe boda mlangoni kabla hujafungua boksi. Ukikomaa kwamba lazima uione, atakuita Kariakoo, mbele ya duka ambalo si lake. Pale kwenye makelele ya mtaa atawasha muziki kwa bluetooth kutoka kwenye simu yake. Besi itapiga vizuri, nawe utaridhika. Gitaa halichomekwi kabisa. Ukimuuliza, atakwambia hana waya, au ana haraka, au mzigo mwingine unamsubiri Posta.

Anachokuuzia ni spika ya karaoke iliyovalishwa kava jeusi na kubandikwa nembo ya kampuni kubwa.

Mimi ni fundi wa vifaa vya muziki, na kadhaa za namna hii zimeshapita mezani kwangu. Ya mwisho ililetwa na kijana anayepiga solo kwenye kwaya moja Mbagala. Alikuwa amepata kazi ya jioni kwenye hoteli ya ufukweni, sehemu ambayo umeme uko mbali na unapopiga, ndiyo maana akatafuta ya betri. Ilizima wimbo wa tatu, wageni wanaangalia. Nyumbani nako alikuwa ameshabadilisha seti nzima ya nyuzi na kununua waya mpya, akidhani gitaa lake ndilo bovu, maana sauti ilikuwa inatoka butu.

Nikaifungua mbele yake. Wavu wa mbele ulipotoka, tukakuta twita mbili, zile spika ndogo za sauti za juu, ni plastiki tupu, hazina hata waya nyuma. Spika inayofanya kazi ni moja, ya inchi nne, na sumaku yake inalingana na kifuniko cha soda. Nobu ya CHORUS haikuunganishwa na kitu chochote. Unaizungusha hewani tu. Ya REVERB inaongeza ule mwangwi wa karaoke tunaoujua. Na tundu lililoandikwa GUITAR limeunganishwa moja kwa moja na tundu la MIC, njia ni ile ile.

Hilo la tundu ndilo lililomla kijana wetu sauti. Pikapu za kawaida za gitaa la umeme, zile sumaku zinazonasa mtetemo wa nyuzi, zinahitaji tundu la kuingizia sauti lenye ukinzani mkubwa, kwenye amplifaya nyingi ni kama omu milioni 1. Tundu la maiki ya karaoke huwa na omu elfu chache tu. Ukichomeka gitaa hapo, sauti za juu zinamezwa, nyuzi nyembamba zinapoteza ung'avu wake, na hata ukiongeza treble hadi mwisho hazirudi. Kwa hiyo kama umenunua kitu cha aina hii na gitaa linasikika zito, usikimbilie kubadilisha pikapu. Jaribu kwanza kwenye amplifaya ya mwenzako.

Betri sasa. Ndani kulikuwa na mbili zile za duara, 18650, zimefungwa pamoja kwa selotepu, kila moja imeandikwa 9900 mAh. Betri ya 18650 yenye uwezo huo haipo duniani. Zilizo bora kabisa, za makampuni yanayoaminika, zinafika kama 3500. Ukiona 9900 kwenye betri ya ukubwa ule, jua aliyeichapa alikuwa anadanganya. Nilizipima: hakuna hata moja iliyofika 1000.

Hata bila kufungua boksi, hesabu ndogo inamuumbua. Chaja yake ni ya volti 5, ampea 2. Zidisha, unapata wati 10 zinazoingia. Betri zenyewe, hata tukimpa heshima ya kuwa ni nzima na za 2200, kila moja inabeba kama wati 8 za saa moja, mbili zinakuwa 16. Wati 200 za kudumu zitatoka wapi hapo? Ile namba ni ya uchawi wa PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua inayoandikwa kwa ajili ya matangazo, iliyozoeleka tangu enzi za redio za kaseti, na haikwambii chochote kuhusu nguvu utakayoipata ukumbini.

Tena nawaomba mzoee kuona namba ndogo bila kuzidharau. Roland Micro Cube GX ina wati 3, spika ya inchi 5, na inatumia betri sita za AA. Boss Katana Mini ina wati 7. Yamaha THR10 ina 10 na inakula AA nane. Ile CUBE Street ya kwanza, ambayo huyu jamaa anaweka picha zake, ina wati 5 tu kwa jumla, mbili na nusu kila upande, kwenye spika mbili za inchi 6.5. Ukitaka wati 50 za betri kweli, kuna CUBE Street EX, na hiyo ina uzito wa zaidi ya kilo saba. Kwa kufanya mazoezi kwenye chumba cha kupanga wati 3 zinatosha hadi jirani agonge mlango. Kwa hafla ndogo ya nje, gitaa moja na mwimbaji, CUBE Street halisi inafanya kazi. Kwenye harusi yenye ngoma na bezi, hizi ndogo zote peke yake zitazidiwa: weka maiki mbele ya spika, upeleke sauti kwenye mikisa ya ukumbi.

Ukienda kununua, kwa yeyote yule, beba gitaa lako na waya wako. Chomoa chaja, zima bluetooth ya simu yake, piga kwa betri peke yake, sauti ikiwa theluthi mbili, kama robo saa bila kuacha. Zungusha kila nobu na usikilize kama kuna kinachobadilika. Piga noti moja moja kwenye uzi mwembamba kabisa. Mulika twita kwa tochi ya simu. Muuzaji mwenye mali halali hatakataa robo saa kwa ajili ya laki tatu. Akikataa, ondoka, hata kama ulishatuma nauli ya boda.

Wale mnaonunua mtumba wa Japani, hiyo mara nyingi ni mali halisi, lakini adapta zake nyingi ni za volti 100. Soma maandishi ya nyuma kabla hujachomeka kwenye umeme wetu wa 230.

Kwa aliyetuma hela leo na ameshtuka: piga huduma kwa wateja wa mtandao uliotumia sasa hivi, kabla tapeli hajaitoa kwa wakala. Namba yake itume TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, kwa ujumbe mfupi kwenda 15040. Usifute meseji ya muamala wala mazungumzo ya WhatsApp, piga picha boksi na nembo, halafu nenda polisi. Utapeli wa namna hii unaangukia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Suala la nembo bandia lipelekwe pia Tume ya Ushindani, FCC, maana hao ndio wanaoshughulika na bidhaa feki.

Na kama tayari unayo nyumbani, usiiache kwenye chaji usiku ukiwa umelala. Niliyoifungua haikuwa na saketi yoyote ya kuzuia betri kujaa kupita kiasi, na betri za lithiamu zikizidishiwa chaji zinaweza kushika moto. Ichaji ukiwepo, juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro na mapazia, na ikianza kuvimba au kupata joto la kuunguza mkono, ichomoe kwenye umeme na uitoe nje.