SSD ya Kingston A400 kwenye laptopu ya steshenari: naipa maua yake

Nina steshenari Nyegezi, Mwanza, wateja wangu wengi ni wanachuo wa SAUT, na mashine yangu ni HP EliteBook 840 G1 ya mtumba. Asubuhi mwanafunzi anaingia na flashi mkononi, anataka kuprinti ripoti kabla ya kipindi cha saa mbili, na laptopu ndiyo kwanza inajivuta. Ukifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kipi kimelemewa, unakuta diski iko asilimia 100, prosesa imekaa tu. Ugonjwa uko hapo, na dawa yake ni SSD, diski ya chipu.

Hadi diski (hard disk) ya kawaida ni sahani inayozunguka, nyingi za laptopu mara 5,400 kwa dakika, na kichwa chembamba kinachohama huku na huku kutafuta faili. Windows ikiwaka inasoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kila kimoja kinasubiri kichwa kifike, milisekunde kumi na zaidi. SSD haina kinachozunguka, kipande kinapatikana chini ya milisekunde moja. Boksi la A400 linajisifu kusoma megabaiti 500 kwa sekunde, sawa, lakini raha yenyewe iko kwenye hivyo vipande vidogo.

Fundi wa mtaa wa Rwagasore alinifungia ya GB 240 kwa Sh 85,000 pamoja na kuhamisha Windows na kazi zangu zote. Nampongeza kwa jambo moja: nilipoulizia ile ya NVMe, SSD ya kasi zaidi na ya bei kubwa, alifungua mfuniko wa chini akanionyesha nafasi ya diski ni ya SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski, ambayo mwisho wake ni kama megabaiti 600 kwa sekunde. Angeweza kunyamaza akauza.

Sasa mteja akikaa kwenye benchi, Word imeshafunguka. Ripoti yenye picha nyingi haigandi tena.

Ila wenzangu wa steshenari, msitegemee miujiza. Kunakili kwenye flashi ya zamani bado ni polepole vilevile, maana flashi yenyewe ndiyo nzito. Kuhariri video ni kazi ya prosesa. RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 4 nayo inabaki ndogo ukifungua kurasa nyingi za intaneti. Na SSD inaweza kufa ghafla bila kugonga-gonga kama hadi diski, kwa hiyo ile ya zamani msimwachie fundi. Yangu nimeivalisha kasha la USB, kila Jumamosi jioni nahifadhia humo nakala za kazi za wiki.